Kamba wa Manyoya na Wageni wa Malolo

Jumatatu, 4 Agosti

"Samaki hali manyoya." Maneno ya Felisian, fundi baiskeli, mtani wangu, leo mbele ya watu sita hapa Lionja. Hoja dhaifu. Samaki hali manyoya, kweli. Anakula anachodhani ni kamba, na mimi nitamfanya adhani. Nimesoma makala tatu kuhusu watu wanaofunga manyoya kwenye ndoana mpaka yanafanana na kamba wa baharini, masharubu na yote. Felisian amesoma nini? Kalenda.

Nikapandwa na moto. Nikatangaza kwamba Jumamosi, wazee wa Malolo watakapokuja kumposa binti yangu Asmaa, watakula kolekole niliyemvua kwa manyoya. Felisian akashauri wazee waje wameshiba. Watu sita wakacheka. Niliwahesabu.

Mke wangu, Swaumu, anasema jogoo yupo, anatosha. Haoni kwamba hapa kuna heshima ya mtu.

Jumanne, 5 Agosti

Nimefunga kamba. Ndoana kubwa, uzi wa cherehani wa rangi ya waridi. Macho ni vipande vya mshipi wa nailoni nilivyounguza ncha mpaka zikawa vidonge vyeusi. Masharubu nimeyang'oa kwenye brashi ya rangi. Miguu ndiyo tatizo: inataka manyoya laini ya shingo ya jogoo. Jogoo tunaye mmoja.

Nilichukua kidogo. Kisha kidogo tena, maana kamba wa kwanza alifanana na mswaki. Nilipomaliza wa tatu, shingo ya jogoo ilikuwa kama kidole gumba. Nikamfunika kwa tenga, nikamwambia Swaumu nimemhifadhi asitoroke. Akanishukuru. Akasema siku hizi nimeanza kusaidia.

Nikaongeza jiwe juu ya tenga.

Alhamisi, 7 Agosti

Lindi, tangu asubuhi, penye mikoko. Fimbo ya mwanzi, mshipi mnene. Nikatupa, ndoana ikashika mkoko. Nikatupa, ikashika shati langu, mgongoni, pasipofikika.

Aliyeninasua ni Bi Hadija, mama mtu mzima aliyekuwa akivua kamba wa kweli kwa wavu mdogo. Akamgeuzageuza kamba wangu kiganjani. "Mwanangu, huyu umemfunga kinyume. Kamba akikimbia hurudi nyuma. Wako ukimvuta anatanguliza kichwa. Samaki atadhani ana wazimu."

Nikamweleza kwamba makala zimeandikwa na wataalamu. Akasema haya baba, akaenda zake na ndoo imejaa.

Nikafungua simu. Masharubu, kweli, yanapaswa kuwa upande wa mpindo wa ndoana. Nilikuwa nimesoma makala zote; picha sikuzitazama.

Sikumfunga upya. Kumfunga upya ni kukubali. Sokoni kolekole walikuwepo, wanene. Sikununua. Kununua ni kumpa Felisian ushindi. Nimerudi mikono mitupu.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika kwa sababu nimejilazimisha.

Wageni walifika kwa bodaboda tatu, wakiongozwa na Mzee Habibu, baba mkubwa wa kijana. Nyumbani kwetu mgeni mkubwa huonyeshwa jogoo akiwa hai, aone mwenyewe kwamba anachinjiwa kilicho bora. Swaumu, kanga mpya, akainua tenga mbele ya wote.

Jogoo akanyoosha shingo yake nyekundu, akawika.

Mzee Habibu akauliza kwa upole kama huku Lionja mdondo, ule ugonjwa wa kuku, umeingia. Swaumu akanitazama. Nikaanza kueleza tofauti kati ya maradhi na sayansi. Felisian, ambaye utani unampa ruhusa ya kusema popote, akasimama. "Wazee, jogoo ni mzima. Anayehitaji chanjo ni huyu mkwe wenu."

Wakacheka. Lakini hawakula. Walikunywa chai, wakasema mambo ya posa yazungumzwe siku nyingine, wakaondoka.

Jumapili, 10 Agosti

Asmaa alikuwa anarudisha kabatini sahani ambazo hazikutumika. Nikamweleza kwamba aliyeanza ni Felisian. Hakugeuka. Akasema, "Baba, mimi si hoja ya kushindia."

Nimewajibu wahariri wa magazeti. Nimewajibu madiwani. Kwa hilo nilichukua kigoda. Nikaenda kukaa nyuma ya nyumba. Jogoo alikuwepo. Aliponiona akahama.

Jumatano, 13 Agosti

Swaumu kaenda Malolo mwenyewe kuomba radhi. Basi hadi Ruangwa, kisha bodaboda, na vumbi lote lile kwa kosa langu. Mzee Habibu kakubali. Watarudi Jumamosi. Dada yake Swaumu katoa jogoo mwingine.

Nimeapishwa: nisiguse kuku yeyote, nisikanyage Lindi. Nimeapa kwa moyo safi. Aibu yangu ni ya kweli; tangu Jumapili natembea natazama chini.

Ila kiapo kilitaja kuku. Mbuzi wa Felisian hakutajwa, na ndevu zake ni laini kupita manyoya yoyote. Nimeshafunga kamba wa nne. Kichwa kiko palepale. Kasoro haikuwa kichwa. Na Lindi si bahari yote. Hata Kilwa kuna maji ya chumvi. Basi la kesho asubuhi.

Kwa hiyo nawaambia ninyi wazee wa Malolo, na wewe Mzee Habibu hasa: Jumamosi mkiletewa chakula, msiguse. Kaeni na njaa mpaka nifike.