Kifuniko cha Pikapu Namba Nne

Inatangazwa kwa wananchi wote wa kaunti, pamoja na mbuzi wa Gachoka wanaohusika moja kwa moja, kwamba Idara ya Uchukuzi na Utulivu wa Magari imepoteza kifuniko cha tangi la mafuta. Hali imedhibitiwa. Gari limesimamishwa, dereva amesimamishwa, na kamati imesimama imara.

Tangazo lilibandikwa Jumatatu asubuhi kwenye lango la ofisi, Embu mjini, na aliyelitunga ni Bwana Kithaka mwenyewe, mkurugenzi wa idara. Alitoka nje akalisoma akiwa barabarani, kama mwananchi wa kawaida, na akaona kweli amejulishwa. Akarudi ndani kunywa chai na nduma.

Sasa, jambo lenyewe lilikuwa dogo, lakini ofisini hakuna jambo dogo. Kuna jambo ambalo halijafunguliwa faili. Munene, dereva wa pikapu namba nne, alikuwa ameenda kutia dizeli Ijumaa. Kijana wa pampu akafungua kifuniko, akakiweka juu ya paa la gari, halafu wakaanza kubishana kuhusu mpira, nani alifunga na nani alionewa na refa. Tangi ikajaa, Munene akachomoka na hasira zake. Kifuniko kilisafiri juu ya paa mpaka karibu na Kanja, kikashuka bila kuaga.

Munene ni mtoto wa mkulima. Akafanya vile kila mtu wa huku hufanya mtungi ukikosa kizibo: akatafuta gunzi la mahindi, akalizungushia kitambaa, akalisukuma ndani kwa ngumi. Akaendesha siku nzima na halikuvujisha tone.

Hilo gunzi ndilo lilimuudhi Kithaka.

"Munene, hii ni nini?"

"Ni gunzi, mkubwa."

"Limesajiliwa wapi?"

"Halijasajiliwa. Nimelitoa kwa shamba ya mama."

"Kwa hivyo kuna mali ya mamako ndani ya mali ya serikali."

Munene akaangalia gunzi, akaangalia gari. Hakuwa ameliona hivyo.

Kabla hawajamaliza, akaingia Ruguru, yule daktari wa mifugo, msichana wa juzi tu kutoka chuo, mguuni gambuti, mkononi karatasi. Alikuwa na chanjo ya mbuzi kwenye friji ya ofisi, na mwisho wake wa kutumika ulikuwa Ijumaa ya wiki hiyo. Ikipita hapo ni ya kutupa. Na huko Gachoka mbuzi walikuwa wanakohoa. Boma tatu zilikuwa zimeshabaki na kamba tupu. Wafugaji walikuwa wameambiwa wakusanyike sokoni Alhamisi, na gari la kumpeleka ni hilo namba nne.

"Mkubwa, duka la spea liko hapo ng'ambo ya barabara," akasema. "Nimeenda nikauliza. Kifuniko cha pikapu kama hiyo kiko. Kina mpira wake mpya ndani, vumbi haipiti, maji haipiti. Munene akizungusha tu kikilia ka, tunaenda."

"Daktari, wewe ni wa mbuzi. Umeniona nikikufundisha kudunga sindano?"

"Hapana, lakini mbuzi wanakufa."

"Nimesikia. Nitawaweka kwenye ajenda," Kithaka akasema, akaandika. "Wako namba tisa."

Na hakudanganya, waliwekwa namba tisa. Kamati haikufika huko, kwa sababu namba moja ilikuwa ziara ya mafunzo. Jumanne wanakamati saba walipanda gari la Kithaka, wakapanda mpaka Meru kujionea wenzao wanavyofanya. Wakagundua kwamba hata Meru kifuniko huwekwa kwenye mdomo wa tangi. Wakapitia Mikinduri kwa utafiti wa ziada, wakarudi jioni na mabunda mawili ya miraa na pendekezo moja.

Pendekezo lilikuwa hili: vifuniko hupotea kwa sababu vimeachwa kwenye magari.

Ukikaa chini ukafikiria, huwezi kulipinga.

Kwa hivyo Jumatano magari manane ya idara yaliyobaki na vifuniko, hata la Kithaka mwenyewe maana sheria haina mkubwa, yalifunguliwa vifuniko. Kila kifuniko kilipanguswa na kitambaa kikavu. Kila mpira ulikaguliwa kama umepasuka. Kila kimoja kilifungwa kikaratasi chenye jina, vyote vikalazwa ndani ya sefu, na sefu ikawekwa chini ya sahihi tatu: ya Kithaka, ya karani wa stoo na ya mhasibu. Halafu ukatoka waraka kwa askari wa lango: gari lolote lisilo na kifuniko halali haliruhusiwi kutoka.

Kufika saa sita mchana idara ilikuwa imetulia kabisa. Hakuna ajali, hakuna pancha, hakuna dereva wa kuuliza yuko wapi. Kithaka alisimama dirishani akaangalia magari yake tisa yamepangana kama watoto wa bweni, na macho yakamlengalenga.

Hapo ndipo simu ililia. Mheshimiwa Gatakaa, waziri wa kaunti, atakuwa Gachoka kesho saa nne kuona mbuzi wakichanjwa, na anataka kuona wakurugenzi wake hapo.

Sasa elewa kwamba Kithaka alikuwa amengojea cheo cha mkurugenzi mkuu miaka sita, na kwa korido watu walikuwa wameanza kumwita mkuu kwa mazoezi. Siku kama hii mtu haikosi. Alhamisi saa moja asubuhi akaenda kwa sefu na karani wa stoo.

"Mhasibu yuko wapi?"

"Ameenda kupeleka mahari ya kakake, huko Meru."

"Mpigie."

"Wazee wamechukua simu za wote, mkubwa, mpaka wakubaliane. Na jana walikuwa bado kwa mbuzi wa kwanza."

Munene, ambaye alikuwa amesimamishwa kazi lakini hakuwa na mahali pengine pa kwenda, akakohoa. "Mkubwa, gunzi bado ninalo."

Kithaka akanyoosha mkono. Akalipokea. Akalijaribu kwenye gari lake, likaingia vizuri kuliko kile kifuniko chenyewe. Akafika langoni.

"Pole, mkubwa," askari akasema. "Waraka unasema kifuniko halali. Hii ni ya mahindi."

"Huo waraka nimeuandika mimi."

"Ndiyo. Sahihi ni nzuri."

Hapo nje ya lango Ruguru alikuwa anapanda bodaboda ya Muthomi, na sanduku la barafu lenye chanjo. Alikuwa amechoka kungoja namba tisa.

"Daktari," Kithaka akaita, akaziweka sawa tai na sauti. "Idara imeamua kuandamana nawe."

"Idara ni watu wangapi?" Muthomi akauliza. "Hapa imebaki nafasi ya mmoja."

"Panda nyuma, mkubwa," Ruguru akasema. "Ushike sanduku. Na usiliinamishe."

Kufika Gachoka, barabara ilikuwa imempaka Kithaka vumbi hadi kope, lakini sanduku alilishika wima kama mtoto wa ubatizo. Wafugaji walikuwa wamejaa, mbuzi wamefungiwa kwenye boma la soko. Mheshimiwa Gatakaa akamsalimu Ruguru kwanza.

"Daktari, umekuja na gari gani?"

"Bodaboda, mheshimiwa."

"Na magari ya idara?"

Kithaka akasonga mbele na sanduku lake. "Mheshimiwa, kwa fahari kubwa, magari yote tisa yako salama. Hakuna hata moja lililovuka lango tangu jana."

Wafugaji wakapiga makofi, wakidhani hotuba imeisha.

"Yaani wewe unahakikisha hakuna gari linatoka," Gatakaa akasema polepole.

"Kwa asilimia mia."

"Na hukuzubaa hata kidogo."

"Hata usiku, mheshimiwa."

"Hiyo kazi tuna jina lake."

"Mkurugenzi mkuu?"

"Askari wa lango," Gatakaa akasema, akaomba karatasi, akaandika akiwa amesimama. "Yule aliye huko ataenda likizo. Magari atashughulikia daktari, maana yeye angalau anajua duka la spea liko wapi."

Mbuzi mmoja akakohoa.

"Inaanza lini?" Kithaka akauliza, kwa sababu mtu wa utaratibu hubaki mtu wa utaratibu.

"Sasa hivi," akasema mheshimiwa, akamwonyesha boma. "Ukae hapo kwa mlango. Ufungue, apite mmoja, ufunge."

Ruguru akachukua sanduku, akalipangusa vumbi, akajaza sindano ya kwanza. Mbuzi walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Kithaka alifungua mlango kidogo, akajisafisha koo, akanyoosha mkono kusimamisha foleni, na beberu wa mbele akapita katikati ya miguu yake bila kuonyesha barua yoyote.