Kiti cha Puti

Jumatatu, 3 Machi

Nimeanza kazi. Mimi! Gerejini kwa shemeji, kaka wa mke wangu. Upande mmoja anatengeneza magari, upande wa pili anachomelea mageti. Mke wangu yuko kwa mama yake tangu mvua zianze. Kasema atarudi siku nitakayopata kazi ya kueleweka. Nimempa neno langu. Ana maneno yangu mengi, nadhani yamemchosha.

Nafasi ni moja, tuko wawili. Mwenzangu ni mtu mzima mwenye ndevu. Anawahi kufika, anafagia bila kuambiwa, haongei. Nimembatiza Mtakatifu. Simpendi.

Mtihani wa shemeji: kila mmoja atengeneze kiti cha chuma kisicho na mgongo. Ijumaa vitakaliwa mbele ya mafundi wote. Nimemwambia hiyo ni kazi ya kufumba na kufumbua.

Jumanne, 4 Machi

Nimechomelea bila kioo cha kukinga macho, ili nione vizuri ninachofanya. Sasa sioni chochote. Macho kama yametiwa mchanga. Mtakatifu kaniletea kitambaa na maji baridi. Kujipendekeza gani huko! Tena shemeji akiwa palepale.

Jumatano, 5 Machi

Chuma kinanichukia. Nikipunguza moto, kijiti cha kuchomelea kinaganda. Nikiongeza, bomba la mguu linatoboka. Miguu mitatu imeshika kwa huruma tu. Wa nne umekataa katakata.

Halafu nikaona puti kule upande wa magari, ile wanayozibia bodi zilizobonyea. Nikaipaka kwenye maungio yote, na mguu wa nne nikaugandisha kwayo. Ilipokauka nikapiga msasa, nikapaka rangi nyeusi. Kimependeza kuliko cha Mtakatifu! Shemeji alipita akasema si haba. Kwa mtu kama yeye, hiyo ni hotuba.

Alhamisi, 6 Machi

Nimekijaribu kiti changu kwa kalio moja. Kimelia. Nimeinuka polepole.

Nimewaza asubuhi nzima. Viti vyote viwili ni vyeusi, kipimo kimoja. Kinachovitofautisha ni alama ya chaki chini ya bati la kukalia: changu msalaba, chake duara. Mtakatifu alipokwenda kunawa, nikazifuta kwa mate na kuzibadilisha. Kesho kila mtu na chake! Nilicheka peke yangu mpaka fundi wa breki akaniuliza kama naumwa.

Ijumaa, 7 Machi

Naandika nimelala kifudifudi. Kukaa siwezi.

Mafundi walikusanyika. Nikasogea kwa madaha kwenye kiti chenye msalaba. Shemeji akanishika bega.

"Hapa mtu hakalii kazi yake, shemeji. Anakalia ya mwenzake."

Mwenye duara ni Mtakatifu. Kwa hiyo mimi nikalie chenye duara, yaani kilekile changu cha puti. Ningeweza kusema ukweli. Mdomo ulishafunguka kabisa. Nikamkumbuka mke wangu, nikaufunga, nikakaa.

Puti ikivunjika inalia kama biskuti. Nilitua kwa matako kwenye sakafu yenye oili. Mafundi walicheka mpaka wakashikana. Mtakatifu hakucheka. Kile alichokalia hakikutikisika hata kidogo. Aliinuka, akageuza mabaki, akachokonoa puti kwa ukucha, akasema hii si kazi yake. Shemeji akamwonyesha duara. Akamwambia anayeficha uozo kwa rangi ipo siku ataua mtu. Akusanye vitu vyake.

Alipita karibu yangu akiwa na mfuko wake.

"Mgongo huo ukaonyeshe hospitali," alisema.

Basi. Alijua kila kitu. Afadhali angenitukana. Roho iliniuma mpaka wakati wa chakula.

Jumamosi, 8 Machi

Nimeajiriwa! Mke wangu amelia kwenye simu. Sijamsikia akilia kwa furaha tangu siku ya posa.

Halafu shemeji akanipa kazi ya kwanza: ngazi ya chuma nyumbani kwa mama mkwe, ya kupandia chumba cha juu. Niifanye peke yangu, maana mkono wangu ameshauona. Na utaratibu ni uleule, aliyeitengeneza hapandi kwanza. Atatangulia mke wangu, akachukue mizigo yake huko juu, arudi nyumbani.

Nimekosa hamu ya kula. Nikisema ukweli, harudi. Nikinyamaza, atapanda. Nampenda mwanamke huyu, Mungu ni shahidi. Siwezi kumwacha aanguke.

Jumapili, 9 Machi

Nimelala nimeamka na jibu. Limenijia lenyewe, safi kabisa. Najionea fahari.

Nimebeba kopo zima la puti. Na nimempigia mke wangu simu, nikamwambia ni adabu amwachie mama yake atangulie.