Uzinduzi wa Kliniki ya Mashujaa Wanaosahau

Mheshimiwa mwakilishi wa mwakilishi wa mgeni rasmi, waheshimiwa wakurugenzi, makaimu wakurugenzi na mnaowakaimu makaimu, mashujaa wetu mliorudi kutoka vitani na sasa mmesimama pale juani, wake zenu, na nyote ambao itifaki haikuwaona, hamjambo? (Hatujambo!) Sijasikia! (Hatujambooo!)

Ndugu zangu, leo nina furaha hadi tai inanikaba. Miaka kumi na moja mashujaa hawa wanatetemeka mikono, masikio yanawavuma, wanawaita watoto wao kwa majina ya wenzao waliobaki vitani, na madaktari wanakuna vichwa tu. Wizara haikukuna kichwa! Wizara iliunda kamati, kamati ikazaa kamati ndogo, na kamati ndogo, baada ya upembuzi yakinifu wa kina kirefu, ikabaini kwamba ugonjwa usiojulikana hauwezi kuwa na dawa inayojulikana, hivyo tukairuka hatua ya dawa na kutua moja kwa moja kwenye fomu. (Vigelegele kutoka viti vya mbele.)

Fomu Namba Saba B, niliyoibuni mwenyewe nikiwa bafuni, inamtaka mgonjwa aorodheshe kwa mkono wake, bila kusaidiwa, mambo yote aliyoyasahau. Walipewa mashujaa mia nne na kumi na wawili. Mia tatu tisini na saba walirudisha karatasi tupu, maana yake hawajasahau kitu. Kumi na watano waliandika walichosahau, maana yake wameshakumbuka. Waheshimiwa, hiyo ni asilimia mia moja! (Kicheko kirefu. Mheshimiwa anayehutubia anadhani anashangiliwa, anainama mara mbili.)

(Mwanamke anasimama: "Mheshimiwa, mume wangu, koplo, jana kaniuliza mimi ni nani. Sisi tunataka daktari tu.")

Asante mama kwa swali zuri, kaa. Koplo kuuliza ni udadisi, na udadisi ni kiashiria namba nne cha akili hai katika mpango mkakati wetu.

("Miaka thelathini ya ndoa, baba! Kaniamkia kama mgeni!")

Hongereni kwa ndoa! Mpigieni makofi! (Makofi mawili matatu. Mama hakai.) Na yuko wapi koplo mwenyewe tumpongeze?

("Kaenda kupanga foleni, awe wa kwanza.")

Mnaona uzalendo huo? Basi geukeni mtazame kliniki yenu: ghorofa mbili, madirisha ishirini na nne, mlango wa kisasa! Nikisema ubongo, semeni imara! Ubongo! (Imara!) Mashujaa! (Njaa! Samahani, imara!)

Nimalizie kwa shukrani. Namshukuru fundi rangi, ambaye kwa siku mbili tu, kwenye ukuta wa ghala bovu, ametuchorea jengo lote hili hadi kitasa. Na wewe mama, nenda taratibu kamchukue koplo. Anabisha hodi tangu asubuhi, na rangi haijakauka.