Harusi ya Dada Yangu kwa Mpangilio wa Alfabeti

Leo nimejiaibisha mbele ya familia mbili, na moja kati ya hizo hata haijanizoea. Naandika haya nikiwa nyuma ya ukumbi wa kanisa hapa Kawale, mikono ina povu. Nimepewa sufuria zote nioshe. Sijauliza kwa nini mimi.

Nianze mwanzo. Leo dada yangu Nabintu ameolewa. Bwana harusi anaitwa Chikondi, Mmalawi wa hapa hapa Lilongwe, kijana mpole. Sisi tumetoka kambi ya wakimbizi ya Dzaleka asubuhi, shangazi kwa vikapu. Na Mama alikuwa na ombi moja tu kwa siku nzima. Hakutaka keki. Hata picha hakuzijali. Alitaka ule wimbo wa kwetu Bukavu wa kumwingiza bibi harusi uimbwe, na wakwe wauimbe pamoja na sisi, ili Nabintu asijisikie mgeni nyumbani kwa watu.

Sasa muelewe, huo si wimbo wa kuburudisha. Ndio unaoendesha sherehe. Ukifika mstari wa hodi, anayemleta bibi harusi anabisha. Mstari wa mlango, mlango unafunguliwa. Wa chakula, chakula kinaletwa. Wa shukrani, sahani zinaondolewa. Wa kuaga, watu wa upande wa bibi harusi wanainuka na kutoka. Kila mstari unarudiwa mpaka kitendo kiishe. Hakuna mshereheshaji. Watu wanasikiliza maneno na miguu inafuata. (Shikeni hilo. Mimi nililisahau.)

Tatizo lilikuwa maneno yenyewe. Mama anayo yake kichwani. Tonton Bisimwa, mdogo wa marehemu baba, anayo yake. Wamebishana juu ya wimbo huu tangu nikiwa mdogo, na wiki iliyopita wakaanza tena, chai ikipoa.

"Shemeji, mi njo niliimbaka mbele kwa korali ya kanisa," Tonton akasema.

"Uliimbaka mbele juu sauti yako iko nguvu," Mama akajibu. "Maneno ulikuwa unaangalia kwa kinywa yangu."

Mimi nimemaliza mafunzo ya kompyuta pale kambini juzi juzi. (Mnamjua mtu aliyemaliza mafunzo juzi juzi.) Nikasimama katikati yao na kutangaza: "Kila mutu atume maneno yake kwa simu yangu. Mashini njo itahukumu."

Wakatuma. Ya Mama nikayaweka kwenye faili moja, ya Tonton kwenye faili lingine. Nikaandika skripti, yaani amri fupi za kompyuta, ya kulinganisha: soma mafaili yote mawili, mstari uliopo kote kote ubakize, usiofanana utupe. Kinachobaki ndicho ukweli. Nilijiona jaji kabisa.

Kuna jambo moja la kiufundi, nalipitisha haraka. Amri niliyotumia haiwezi kulinganisha mafaili mawili kama mistari yake haijapangwa kwanza kialfabeti. Kwa hiyo juu kabisa ya skripti niliweka agizo la kuipanga. Kisha nikaijaribu kwa majina ya mboga: bilinganya, kabichi, nyanya, vitunguu. Zikatoka vile vile nilivyoziandika, kila mboga mahali pake. Nikapiga meza kwa furaha. (Leo, nikiwa na sufuria mkononi, ndipo nimegundua kwamba mboga zangu nilikuwa nimeziandika kialfabeti bila kujua.)

Nikaupitisha wimbo. Matokeo nikayahamishia moja kwa moja kwenye kurasa za kuonyesha ukutani, mstari mmoja kila ukurasa, herufi kubwa, maua pembeni. Maua niliyachagua kwa makini sana. Maneno sikuyasoma.

"Bahati," Mama akaniita, "tufanye kwanza repetisyo, tuimbe yote mbele ya kwenda."

"Maman, mashini haisahauke kitu."

Basi tukafika ukumbini. Pazia zimefungwa, projekta ya kuazima inawaka, shuka jeupe ukutani. Wakwe wamekaa kushoto, wamependeza, wengi kweli. Hawajui Kiswahili, lakini kusoma wanasoma, na nilikuwa nimewafundisha sauti mapema. Ni rahisi, mistari yote ina sauti moja. Nikawaambia kwa Chichewa changu cha sokoni kwamba wasimtazame mtu yeyote, watazame ukuta tu. Sahani zilikuwa zimepangwa mezani, tupu, zinasubiri. Mama na shangazi zangu walikaa kulia. Nje ya mlango mkubwa alisimama Nabintu na gauni lake, ameshikwa mkono na Tonton kwa niaba ya baba.

Nikabonyeza.

*Amina, amina, tumemaliza.*

Wakwe wakaimba. Jamani, wakwe wanaimba! Paa lilitetemeka. Upande wetu watu wakatazamana. Baadhi wakafumba macho na kuinamisha vichwa, maana amina ni amina. Mimi nikadhani ukurasa mmoja umejichanganya, nikabonyeza haraka twende kwenye ule sahihi.

*Asante kwa chakula, tumeshiba wote.*

Wale akina mama wa kuhudumu, ambao ni wa kwetu na wanaujua wimbo tangu wakiwa wasichana, wakaingia mbio na kuanza kukusanya sahani. Sahani safi, ambazo hazijaguswa na mtu. Mzee mmoja wa upande wa wakwe alishikilia yake kwa mikono miwili. Walimshinda nguvu.

Nilipaswa kuzima pale pale. Mtu yeyote mwenye akili angezima. Mimi nikabonyeza tena.

*Baki salama, binti yetu, sisi twaenda.*

Shangazi zangu wakainuka. Wote. Hawakufikiri hata kidogo, walisikia mstari wakabeba vikapu. Tantine Faida, dada mkubwa wa baba, alikuwa tayari anatoa machozi ya kuaga, na bibi harusi mwenyewe hajaingia. Mama akaruka kutoka kitini: "Murudi! Murudi! Hatuyafika bado!" Nani amsikie? Wakwe walikuwa wanaimba kwa moyo wote na macho yapo ukutani, kama nilivyowaagiza. Mama akawafukuzia mpaka mlangoni.

Mkono wangu ulikuwa bado kwenye kompyuta. Ukabonyeza wenyewe.

*Fungueni mlango, bibi harusi aingie.*

Vijana wawili wa mlangoni wakafungua. Nabintu ameinua uso, tabasamu lake tayari, maua kifuani, na mbele yake ukoo wake wote unatoka na vikapu.

"Munaenda wapi?" akauliza.

"Tunarudia kwetu," Tantine Faida akamwambia huku analia. "Bikala muzuri, baki salama, mwanangu."

"Mi sijaingia!"

"Wimbo imesema."

Msukumo wa nyuma ukawatoa nje wote, Mama akiwa wa mwisho, kiatu kimoja kimemvuka. Hata akina mama wa kuhudumu wametoka; ndani wamebaki wakwe na mimi. Ukutani pakatokea *Leteni chakula, tule pamoja*, nao wakaimba, meza hazina hata kijiko. Chikondi peke yake hakuutazama ukuta. Alinitazama. Shemeji yangu mpya ana macho ya upole, na ndiyo yaliyoniumiza zaidi.

Hapo nilimfikiria Mama. Ombi moja tu, na mimi nimelivuruga kwa ajili ya kujionyesha. Nilitamani ardhi inimeze na projekta yangu. Ulikuwa umebaki ukurasa mmoja. Nikaubonyeza kwa sababu sikuwa na la kufanya tena.

*Tumefika, wakwe, hodi hodi.*

Ule uliopaswa kuwa wa kwanza. Wakwe wakauimba mara moja, kisha wakasita. Mama wa Chikondi, mama mnene mwenye kitambaa cha kijani, akainama kuutazama ukuta vizuri. Katika wimbo mzima wa wageni hawa, hili neno moja alilijua. Hapa Malawi ukifika kwa mtu unaita odi.

Nje, Mama alikuwa amesikia mstari. Sijui kama aliamua au ni miguu tu. Alisimama kizingitini na kiatu kimoja, mkono wa Nabintu umo mkononi mwake, Tonton pembeni, shangazi wote nyuma, na akaimba peke yake kwa sauti yake nyembamba: "Hodi, hodi."

"Odini!" akajibu mama wa Chikondi. Akaacha kiti, akavuka ukumbi mzima, akamshika Mama mkono mmoja na Nabintu mwingine. "Lowani, lowani," yaani ingieni. Ukumbi mzima ukaitikia hodi, odi, hodi, odi, pande zote mbili, bila kutazama ukuta. Wakaingia wakicheza. Mama alikuwa anacheka na kulia pamoja, na mimi pia, msiniulize. Wakwe waliimba na sisi. Ndicho alichokitaka.

Sahani zilirudishwa. Yule mzee alipewa ya kwanza, akaomba na ya akiba.

Mngefikiri nimesamehewa. Ila Nabintu alikuja na sahani yake ya kuku mpaka kwenye kompyuta. "Bahati, ule mustari wa majina yetu iko wapi? Wa kusema tuko nyumba moja?"

Nikaangalia. Mama alikuwa ameandika *Nabintu na Chikondi*. Tonton alikuwa ameandika *Chikondi na Nabintu*. Haifanani, skripti ikautupa. Maharusi niliwafuta kwenye harusi yao.

Mama wa Chikondi, kwa upande wake, ameuomba wimbo. Ana mtoto mwingine wa kuoza. Nikamwambia nitampa wenye mpangilio sahihi. Akakataa kabisa, anautaka huu huu unaoishia kwa odi. Zikomo, Mayi, asante sana, angalau mtu mmoja ameridhika na kazi yangu.

Kisha Mama na Tonton wakanijia, mmoja kutoka kulia, mwingine kutoka kushoto, kila mtu na sufuria yake. Hawakuwa wamepanga. Wakafungua midomo kwa pamoja:

"Huyu mutoto asiguse tena mashini."

Neno kwa neno. Wakatazamana, wakashangaa. Basi naomba msicheke, maana skripti yangu hatimaye imefanya kazi: umepatikana mstari mmoja ambao Mama na Tonton wanaukubali wote wawili.