Mkate Chini ya Mto wa Kulalia

Jumatatu, 28 Julai

Wiki ya sita imekwisha bila ngano wala maziwa. Bado mbili. Mkanda umeishiwa matundu, nimetoboa jipya kwa msumari.

Nieleze mambo vizuri, nisije nikasoma haya uzeeni nikajishangaa. Nina miaka kumi na sita. Mwili wangu ukiona ngano unadhani mwizi kaingia. Unaita walinzi, walinzi wanajazana kwenye umio, umio unavimba, chakula kinakwama kifuani. Mwaka jana kipande cha mkate kilikwama mpaka tukaenda kukitolea hospitali. Mama alinishika mkono njia nzima. Sasa daktari ameamua: wiki nane niviache vyakula hivyo, halafu tarehe kumi na moja kamera ishuke kooni. Umio ukiwa safi, ngano itarudi ya kwanza. Ukiwa umevimba, tunaanza upya.

Na Mama ni mwokaji! Tanuri liko chini ya chumba changu. Kila mchana harufu inapanda kwenye nyufa za sakafu, inajilaza kitandani kama ndugu aliyekuja kukaa. Tangu nikatazwe, Mama naye haonji mkate wake. Kasema ataonja siku nitakayoonja mimi. Wateja wameanza kulalamika kuhusu chumvi.

Jumanne, 29 Julai

Nimepata wazo. Akili ni nywele, na zangu hazijui kitana. Ndotoni hakuna daktari! Nikilala mchana na mkate chini ya mto, nitaota ninakula, nitashiba, na umio hautajua lolote.

Nikachukua mmoja wa duara. Saa nane nikalala. Lo, ndoto gani ile! Mtaa mzima wa mikate, kimya, jua la njano. Kuta zina uvuguvugu. Nikaegemea ukuta, ukuta ukanipokea. Nikamega kona ya nyumba ya mtu, nikala taratibu. Mwenye nyumba akachungulia dirishani, akaniambia nisisahau na ngazi. Hakuna kilichokwama.

Nimeamka nimeshiba kabisa. Nitafanya hivi kila siku.

Jumamosi, 2 Agosti

Mkate wa chini ya mto umepungua. Robo nzima haipo! Panya.

Dada kaona makombo kwenye shuka. Kasema nakula kwa siri. Nikamwapia kwamba sijatia mkate mdomoni nikiwa macho, yote mawili. Kwa mara ya kwanza maishani nasema kweli, na hakuna wa kuniamini. Dada akasema mficha maradhi, kilio kitamfichua. Ana miaka kumi na tisa, anaongea kama bibi wa tisini. Akakubali kutomwambia Mama, safari hii tu. Imenigharimu soksi zangu mpya.

Jumatano, 6 Agosti

Nimechukua mtego wa panya kwenye stoo ya unga. Nikautega ubavuni mwa mkate. Nikalala.

Nimeota mlango wa mkate, mrefu, umepakwa siagi. Kwa ndani mtu anaimba polepole. Nikashika kitasa. Kitasa kikaniuma!

Nimeamka napiga kelele. Mtego umenasa kidole changu. Panya huyu ni hodari kupita kiasi: anausukuma mkono wangu kwenye mtego, anabeba ukoko, anaondoka zake. Mdomoni nilikuwa na ladha ya chumvi. Machozi, bila shaka.

Viazi vya jioni vilishuka kwa shida, nikavisukuma kwa maji vikombe vitatu. Dada ndiye aliyepika. Sishangai.

Jumatatu, 11 Agosti

Kamera. Wakanichoma sindano ya usingizi, nikarudi kwenye mtaa wangu. Mvua inanyesha, kuta zinalainika, watu wanahama na viti vichwani. Nikawauliza wanaenda wapi. Wakaongeza mwendo tu.

Daktari kakata vinyama vidogo vya kupima. Majibu Ijumaa. Mama kafunga duka siku nzima, jambo ambalo hakufanya hata alipovunjika mguu.

Ijumaa, 15 Agosti

Umio umevimba.

Daktari alishangaa. Akauliza ngano inatoka wapi, kama vyakula vimekatwa kweli. Mama akasema vimekatwa, anahakikisha kila sahani. Ndipo daktari akaona kidole changu kilichofungwa bandeji. Ikabidi nieleze: mto, mkate, ndoto, panya. Akauliza panya huyo huja saa ngapi. Nikasema saa nane mchana, nikishalala. Akauliza ndotoni huwa nafanya nini. Nikasema nakula.

Akavua miwani, akaifuta muda mrefu.

"Kijana," akasema, "ndoto ni yako, na koo lililomeza ni hilohilo."

Dada akatazama dari. Mimi nikatazama viatu. Panya wangu maskini, nilimsingizia bure.

Mama hakugomba. Laiti angegomba! Tulipofika kwenye korido alifungua mkoba, akatoa kifuko cha karatasi. Vipande viwili vya mkate wa asubuhi ile, kimoja changu, kimoja chake. Alitarajia tuvile palepale, mimi na yeye. Akavitazama kidogo, akakunja kifuko, akakirudisha.

"Tutaanza upya, mwanangu," akasema. "Wiki nane si nyingi."

Nililia mbele za watu. Sikujionea huruma mimi, nilimwonea yeye. Nikaapa hapohapo, mkono wangu katika wake, kwamba mkate hautakaa tena chini ya mto wangu.

Jumamosi, 16 Agosti

Wiki ya kwanza, siku ya kwanza. Kiapo nimekitimiza. Chini ya mto hakuna kitu, dada kakagua mara mbili.

Mkate unaning'inia darini kwa uzi, nyuma ya pazia, juu kidogo ya pua yangu. Kwa ajili ya harufu tu. Nimelala chali nikapima: mdomo haufiki. Labda mtu aketi kitandani. Na nani huketi akiwa amelala?

Saa nane kasoro dakika tano. Jua la njano limeshaingia.