Spika Tano za Kumpokea Baba Mkwe

Jumatatu, 4 Machi

Leo nimeshinda vita ambavyo havijaanza.

Baba mkwe amefanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho. Jicho la kulia limefungwa bandeji, la kushoto lina ukungu na linangoja zamu yake. Daktari anataka akae karibu na hospitali wiki mbili. Nyumba za jamaa zilizo karibu ni mbili tu: yetu, na ya shemeji yangu, kaka wa mke wangu, muuza magodoro. Mimi humwita Bwana Inchi. Televisheni yake ina inchi sabini na tano, na hamalizi sentensi bila kuzitaja.

Mzee amesema Jumapili, akitoka wodini, atakuja kwetu asikilize fainali ya mpira, kisha ataamua alale kwa nani. Bwana Inchi anacheka. Anasema televisheni yetu mtu huitazama kwa darubini.

Acha acheke! Mtu aliyefungwa jicho inchi za nini? Anahitaji masikio! Wazo hili lilinijia nikiwa nimechuchumaa juu ya mita ya maji ya mteja. Kazi yangu ni kusoma mita. Kazi ya akili.

Siku ya harusi yetu, miaka kumi iliyopita, mzee alisimama mbele ya wageni akasema mkwe wake ana mipango mingi na misumari michache. Watu walicheka. Wengine mpaka leo hawajamaliza.

Jumanne, 5 Machi

Nimenunua! Risiva ya sinema ya nyumbani. Siyo ile ya dishi. Hii ni sanduku jeusi linalogawa sauti kwa spika tano na moja nene ya besi, mpaka mtu aape kwamba yuko uwanjani. Ni ya bei ya chini kuliko zote dukani. Nikamuuliza mwenye duka kwa nini. Akasema wenye kiwanda hawana makuu. Nimependa unyenyekevu huo.

Mimi si mtu wa kukurupuka. Nilisoma kwanza maoni ya wenye nayo mtandaoni. Wa kwanza: inachemka kama pasi. Wa pili: inajizima yenyewe. Wa tatu: inachemka, kisha inajizima. Wa nne: imebadilisha maisha yangu. Hakueleza kwa namna gani. Nimemwamini wa nne. Wale watatu unawasikia kabisa kwamba wana kinyongo.

Mke wangu akauliza kama nimepata godoro la mgeni. Nikamwambia tuanze na mambo makubwa.

Alhamisi, 7 Machi

Nimefunga waya siku mbili. Nyekundu kwenye nyekundu, nyeusi kwenye nyeusi. Rahisi mno! Ila waya nilizoongezea ili zifike nyuma ya viti zilikuwa nyeupe zote. Zikaingia sita chini ya zulia, zikatokea sita upande wa pili, zinafanana kama mapacha. Nikakisia. Mtu wa uzoefu hukisia vizuri.

Sanduku limekuja na maikrofoni yake. Unaiweka kwenye kiti cha msikilizaji, watu wote wanyamaze, sanduku linapiga miluzi na kuipima sebule. Nikaamuru ukimya. Papo hapo mke wangu akaburuta kabati chumba cha pili, anamtengenezea baba yake nafasi. Sanduku likatoa matokeo: ukuta uko mita kumi na tisa, na spika ya nyuma kushoto haipo.

Nikaitazama spika. Ilikuwepo. Nikaligongagonga sanduku, nikapima tena. Sasa spika zote zipo. Ukuta bado mita kumi na tisa.

Sebule yetu ni hatua tano. Nimekubali matokeo. Nani hukataa sebule kubwa?

Ijumaa, 8 Machi

Nililifunika sanduku kwa kitambaa kizuri cha kufuma, lipate heshima. Baada ya robo saa likajizima. Kwenye kioo chake likaandika kwamba linajilinda. Linajilinda! Na nani? Humu tuko wawili tu.

Nimetoa kitambaa, nimeweka feni pembeni. Sasa halijizimi, ila mpira unasikika kama unachezwa kwenye kimbunga. Nikamweleza mke wangu kwamba hiyo inaongeza hali ya uwanja. Akasema baba yake anataka kusikia mpira, si hali ya hewa.

Jioni Bwana Inchi akaja na godoro jipya mgongoni. Zawadi kwa mzee, akalale popote atakapochagua. Mbinu chafu! Akaligusa sanduku kwa kidole, akakitoa haraka, akasema hapo mayai yanaiva bila sufuria. Nimelipokea godoro kwa uso wa chuma. Ni godoro zuri. Hilo ndilo linaloniudhi.

Jumapili, 10 Machi

Siku yenyewe! Naandika kabla mambo hayajapoa.

Mke wangu alimwongoza baba yake kwa mkono mpaka kwenye kiti nilichokipima. Mzee alikuwa mshika kibendera wa mechi za ligi kwa miaka thelathini, mpira uko kwenye damu. Bwana Inchi naye akaja, eti kumsindikiza. Rimoti ya televisheni nilikuwa nimeificha tangu asubuhi, asije akaharibu mipangilio.

Saa kumi juu ya alama. Nikawasha. Mashabiki wakanguruma mbele, nyuma, kila upande! Mzee akashika mikono ya kiti kwa nguvu.

"Lo!" akasema. "Hapa tuko uwanjani kweli!"

Nikamtazama Bwana Inchi. Alikuwa anatazama dari. Raha iliyoje!

Kisha mtangazaji akaanza kuzungumza. Sauti ilitoka nyuma, karibu na sikio la kushoto la mzee. Mzee akageuka.

"Bwana, pita mbele ukae. Usinisemee kisogoni."

Nikamweleza kwamba huyo ni mtangazaji. Akasema hata mtangazaji ana wazazi waliomfunza adabu. Bwana Inchi akakohoa. Kikohozi chenye meno.

Sikubabaika. Nikakigeuza kiti pamoja na mzee mwenyewe. Mtangazaji akawa mbele yake! Ni kweli kwamba mzee sasa alitazama ukuta na kuipa televisheni mgongo, lakini kwa jicho lenye bandeji hasara iko wapi? Bwana Inchi akasema mzee amekaa kama mwanafunzi aliyeadhibiwa. Kipindi cha kwanza kikaisha bila bao.

Kipindi cha pili mzee akauliza kama mechi itaahirishwa kwa upepo huu. Nikaona haya, nikazima feni. Dakika sita tu, nikajisemea, haziwezi kudhuru. Timu ya mzee, wale wa kijani, wakapata kona. Uwanja ukasimama. Mpira ukapaa.

Tik. Kimya. Sanduku linajilinda.

"Imekuwaje?" mzee akauliza. "Imekuwaje?"

Rimoti niliificha wapi, niirudishe sauti kwenye televisheni? Akili yote ilinitoka. Nikauona mkono wa mzee umening'inia hewani, unangoja. Mtu mwenye moyo angefanya nini?

"Goli!" nikapiga kelele. "Goli letu!"

Kwenye televisheni kipa alikuwa ameukumbatia mpira.

Mzee akainua mikono yote miwili. Kisha akaishusha polepole.

"Kafunga nani?"

"Namba tisa."

"Mguu au kichwa?"

"Kichwa, baba."

"Kibendera kiko juu au chini?"

Miaka yote nimetazama mpira sijawahi kumwangalia mtu wa kibendera. "Kimeinuka kidogo," nikasema.

"Kibendera hakiinuki kidogo," mzee akasema.

Bwana Inchi akacheka mpaka akateleza kutoka kwenye kiti. Akajaribu kuinuka, akateleza tena.

Mke wangu akatoka jikoni akifuta mikono. Akaitazama televisheni. Akanitazama mimi. Akavuta stuli, akaketi bega kwa bega na baba yake, mmoja akitazama ukuta na mwingine amegeuza shingo kwenye picha.

"Baba, hakuna goli. Kipa wao kaudaka. Anautupa kwa beki wa kushoto, yule mrefu. Anapanda. Namba saba wao yuko peke yake, anaomba."

"Mabeki wetu wamepanda?"

"Wamepanda. Namba saba ameshaotea, na kibendera kiko chini."

"Kipofu huyo!" mzee akasema kwa furaha. "Apelekwe hospitali yangu!"

Mke wangu anaujua mpira! Miaka kumi, na mimi sina habari. Kumbe tangu akiwa msichana mdogo alikuwa akifuatana na baba yake viwanjani, akimbebea kibendera cha akiba. Alisimulia mpaka filimbi ya mwisho, mpaka sauti ikamkauka. Kijani walifungwa bao moja dakika za nyongeza. Mzee hakusikitika. Alishika mkono wa binti yake akasema tangu amwozeshe hajawahi kuusikia mpira vizuri namna hii.

Akasema atalala hapa.

Bwana Inchi akanipa mkono, kiume, akaenda zake. Nikajikuta nafuta uso kwa kile kitambaa cha kufuma. Lazima ni joto la lile sanduku.

Jumanne, 12 Machi

Mzee yuko sebuleni, mke wangu anamsomea kurasa za michezo. Wanacheka mpaka chai inapoa. Usiku analala fofofo.

Nimekaa nikatafakari kwa kina kwa nini alituchagua. Jibu liko wazi kama maji ya bomba. Ni spika! Zile dakika za mwanzo zilimaliza kazi, mengine yalikuwa nyongeza. Nimeandika mtandaoni maoni yangu kama mwenye nayo: nyota tano, imemleta baba mkwe nyumbani.

Bandeji inatolewa Jumatatu. Mzee ataona, na inchi za shemeji zitapata nguvu tena. Bwana Inchi hatanikuta nimelala. Nimekwisha kuagiza mashine ya kurusha picha ukutani, ya bei ya chini kuliko zote. Picha yake ni pana kama ukuta mzima wa sebule.

Ukuta huo una dirisha katikati. Jambo dogo. Fundi anakuja kesho na matofali.