Nani Anamwaga Maji Ndani ya Tela Langu?

Jumatatu, 10 Novemba

Nimeamka nimelowa. Tena! Tone la kwanza sikioni, la pili jichoni. Kuta zinatiririka, dari limejaa matone. Na usiku mvua haikunyesha. Mlango ulikuwa na komeo. Madirisha yote mawili yamefungwa, mapazia yameshushwa, tundu la hewa la darini nimeliziba mwenyewe kwa gunia na gundi. Maji hayawezi kuingia. Kwa hiyo yameletwa. Swali ni moja tu: na nani?

Naandika hapa kwa sababu siiamini simu.

Tela hili nililinunua kwa mhandisi Mzungu aliyemaliza kazi ya barabara akarudi kwao. Nyumba kamili juu ya magurudumu mawili: kitanda, meza, kabati, jiko la gesi. Wenzetu hulivuta nyuma ya gari na kulala humo wakisafiri. Mimi sina gari, lakini nina akili. Nikaliegesha kwenye kibanja chetu hapa Ijuganyondo, katikati ya migomba, tukahamia humo mimi na mke wangu Evelyne. Nyumba yetu ya matofali nikampangisha Awadhi, muuza vitambaa wa sokoni Bukoba, na mkewe Rahima. Mpango safi! Ila Awadhi anaitazama nyumba ile kama urithi wake. Anataka nichoke nimuuzie. Namjua.

Evelyne alivumilia. Lakini juzi alitoa gomesi yake, lile gauni la sherehe, kabatini, akaikuta na ukungu wa kijani mgongo mzima. Akaikunja polepole, akaitia mfukoni. Hapo ndipo nilipoogopa. Akaenda kwa baba yake, kijijini Izigo. Leo amepiga simu: atakuja Jumamosi alale usiku mmoja. Akiamka mkavu, atabaki. Akiamka amelowa, basi, nibaki na kisima changu peke yangu.

Awadhi kanikuta nikianika godoro. Kasema, kwa upole, mzee Apolinary, si ufungue dirisha kidogo ukilala? Nikamwuliza dirisha langu linamhusu nini. Akacheka tu. Mtu asiye na hatia angekasirika.

Jumanne, 11 Novemba

Uchunguzi umeanza. Nimeonja maji ya ukutani. Hayana chumvi, hayana sabuni. Baridi, matupu. Kisha nikaenda kwenye tangi la Awadhi, nikajifanya nanawa, nikaonja. Yale yale! Hayana chumvi, hayana sabuni. Ushahidi wa kwanza.

Rahima kaniona mdomo ukiwa bombani. Kaniuliza kama nina kiu, kaniletea chai na vitumbua viwili. Nimekula vyote, wasije wakajua kwamba nawashuku. Vitumbua vilikuwa vizuri mno. Wema wa namna hiyo hauji bure.

Mchana nikashuka mjini, dukani kwa Kyaruzi anayeuza vifaa vya ujenzi. Nikataka silikoni ya kuziba nyufa, chupa zote alizonazo. Kaniuliza ya nini. Nikamweleza juu juu, bila kutaja majina. Naye kasema niache nafasi ya hewa, waitu, ndugu yangu, kwani pumzi ya mtu ni maji.

Pumzi yangu! Yaani nalala huku najimwagia maji kwa mdomo! Nimevuta pumzi hii tangu nizaliwe na haijawahi kunilowesha.

Nimeziba kila ufa. Sasa waje.

Jumatano, 12 Novemba

Wamekuja.

Mbaya kuliko jana. Maji yametengeneza kidimbwi chini ya meza, viatu vyangu vya kanisani vimelala ndani yake. Na kichwa kinaniuma ajabu. Nashuku kuna kitu wananipulizia.

Sasa nieleze ya jana jioni, maana ina umuhimu kwenye kesi. Senene, wale panzi wa kuliwa, walianguka wengi, nikajaza ndoo. Najua desturi: ukikaanga nje, kila anayepita anasalimia, na kila anayesalimia anaonja. Ndoo inabaki mabawa. Basi nikawachemshia humu humu ndani kwa chumvi, nikawakaanga polepole, mlango na madirisha vimefungwa ndi ndi ndi, na mapazia yameshushwa. Mvuke ulikuwa mzito hata mkono wangu sikuuona. Lakini hakuna aliyekuja kusalimia. Nikala mpaka nikashindwa.

Asubuhi hii nimenusa matone ya darini. Yananukia senene! Nikafikiri sana. Aliyemwaga maji haya ameshika senene karibuni. Na nani alikula senene jana? Awadhi! Nilimwona kwa macho yangu, kakaa barazani, sinia magotini, anawagawia hata wapita njia. Nami aliniita nilipopita na ndoo yangu. Nikasema nimeshiba.

Ushahidi wa pili.

Alhamisi, 13 Novemba

Mvua kutwa. Nimefua shuka na nguo zangu zote ili Evelyne akute usafi. Kuanika nje siwezi, kuna mvua, na kuna Awadhi. Nimezitundika humu ndani kwenye kamba, kutoka kabatini hadi jikoni. Napita nimeinama.

Halafu akili ikafunguka. Babu zetu walilala kwenye msonge, sakafu imetandikwa nyasi, na sikumsikia hata mmoja akilalamika unyevu. Wamelowa lini? Nyasi hunywa maji! Nimechukua panga, nimekata mzigo mzima bondeni, mbichi nzuri za kijani, nimezitandika mpaka magotini. Panapendeza. Pananukia utoto wangu.

Mzee Kahangwa kapiga simu kutoka Izigo, baba mkwe wangu. Sauti ya mtu aliyechoka kukaa na binti yake mkubwa nyumbani. Nikamwambia hali inadhibitiwa, nikamtajia nyasi. Naye kasema kahawa ukiifunga guniani kabla haijakauka, gunia linatoa jasho lenyewe hata likiwa chini ya bati zuri. Kwa hiyo, mwanangu, fungua mdomo wa gunia.

Nikamwitikia ndiyo tata, yaani baba, kwa heshima zote. Nilipokata simu ndipo nikaelewa. Gunia ni tela! Mdomo ni dirisha!

Awadhi: fungua dirisha. Kyaruzi: acha nafasi ya hewa. Sasa mzee Kahangwa. Watu watatu, wasiofanana umri wala kazi, neno moja. Huo si ushauri, huo ni mkutano. Wanataka dirisha liwe wazi ili mmwaga maji asihangaike. Kikulacho ki nguoni mwako.

Jumamosi, 15 Novemba

Jana sikuandika, daftari lilikuwa limelowa. Nimelianika juu ya jiko.

Amekuja! Nimemwona akishuka kwenye bodaboda na mfuko wake na mkungu wa ndizi, moyo wangu ukaruka kama wa kijana. Sikujua nimemkumbuka kiasi hiki. Kaingia, kasimama ndani ya nyasi, kaangalia nguo zilizotundikwa, kaokota uyoga mdogo karibu na mguu wa kitanda. Akauweka mezani.

Katoa nyasi zote nje. Katoa nguo, kaomba nafasi kwenye baraza ya Rahima. Nilipinga. Kapika nje, kwenye mafiga. Nilipinga pia, lakini kwa sauti ndogo. Wakati tunakula nikamwekea ushahidi wote mbele: maji ya tangi, harufu ya senene, mkutano wa watu watatu. Kanisikiliza mpaka mwisho, kisha kaniuliza kama nimekuwa nikilala vizuri. Mke mwenye huruma. Nikamwambia usiku wa leo ndio kila kitu kwangu, nami sitalala, nitalinda. Nikafunga komeo.

Jumapili, 16 Novemba

Nililala.

Lakini pamekauka! Kuta kavu, dari kavu, shuka kavu, nywele za Evelyne kavu. Nimeshika ukuta kwa viganja vyote viwili, machozi yakanitoka bila aibu. Evelyne alikuwa ameshaamka, ananitazama, anatabasamu. Akasema basi atabaki, tutaweza kuishi humu. Alisema hivyo. Nayaandika maneno yake yalivyo.

Ndipo nikaona pazia linacheza. Dirisha la upande wake lilikuwa wazi, upana wa kiganja, na la upande wangu pia.

Nikaruka. Nikahesabu vijiko, nikatazama sufuria. Hakikuibiwa kitu. Evelyne kasema nikae chini, yeye ndiye aliyeyafungua, alikuwa anakosa hewa.

Yeye!

Watu wanne.

Nikamwuliza nani alimtuma. Kasema pua yake. Nikamwuliza tena, taratibu, alionana na Awadhi lini, na kule Izigo walizungumza nini na baba yake. Tabasamu likaondoka. Kachukua mfuko wake, katoka, hakubamiza hata mlango. Nilikaa kitandani nikahisi vibaya sana, vibaya kuliko siku zote hizi za maji. Nusura nimfuate.

Badala yake nikayapigilia madirisha misumari.

Jumatatu, 17 Novemba

Nilidhani amerudi Izigo. Hapana! Yuko hapa hapa. Rahima kampa kile chumba cha mbele, chumba chetu cha zamani. Nimewaona asubuhi hii kupitia katikati ya migomba. Dirisha limefunguliwa wazi, wanakunywa chai, Evelyne anacheka. Gomesi yake imetundikwa barazani, imefuliwa, ukungu hauonekani.

Mwanzo nililia. Kisha nikafikiri vizuri, na sasa nimeona jinsi mambo yalivyopangika. Adui amemfungulia mlango mke wangu mwenyewe! Sasa nina mtu wangu ndani ya nyumba yao. Wao wanadhani wamemchukua, kumbe mimi nimemwingiza. Hata mimi sikujua nina akili kiasi hiki.

Na wameshaogopa. Usiku wa kuamkia leo wamemwaga kuliko siku zote, mpaka upande wake wa kitanda, ambao haukuwa na mtu. Hiyo ni dalili ya mtu aliyebanwa. Nimenunua silikoni nyingine kwa Kyaruzi, nimekataa kumsikiliza, nimepitia upya kila mahali: pembe, bawaba, hata tundu la ufunguo.

Evelyne akiwa na habari atakuja kunigongea. Agonge kwa nguvu tu, maana humu ndani sasa haisikiki sauti ya mtu yeyote.